Wodini Tuko Wote, Ofisini Je?

Muuguzi mfawidhi anapokaribia kustaafu katika hospitali kubwa za Dar es Salaam, mazungumzo ya nani atamrithi huanza kabla hata kamati ya kumuaga haijaanza kukusanya michango. Huzungumzwa kwenye chumba cha kubadilishia nguo, kwenye foleni ya chai, na zaidi kwenye daladala ya kurudi Mbagala au Gongo la Mboto baada ya zamu ya usiku, wakati watu wamechoka kiasi cha kusema wanachokifikiri. Hutajwa majina matatu au manne, na sifa za kila mmoja hupimwa kwa haki kabisa: huyu ana shahada ya uzamili, yule anajua kukaa na watu, yule mwingine hajawahi kukosa zamu. Kisha mtu mmoja, kwa kawaida mkubwa kiumri, husema kwa sauti ya chini kwamba tunajisumbua bure, maana inajulikana mkubwa wa ofisi ya juu anatoka wapi na anataka kumweka nani. Hakuna anayembishia, na hakuna anayeweza kuthibitisha kwamba amesema kweli.

Nimefanya uuguzi katika jiji hili kwa sehemu kubwa ya maisha yangu ya kazi, na sasa ni msimamizi wa wodi. Maneno hayo nimeyasikia yakisemwa juu ya karibu kila kabila lililowahi kutoa kiongozi, likiwemo langu la Wangoni. Kwa hiyo siandiki kulishtaki kabila lolote. Ninachotaka kukieleza ni kwamba taaluma yetu imefanikiwa sana kuwachanganya watu pembeni ya kitanda cha mgonjwa, lakini haijajijengea utaratibu ulio wazi wa kuwaandaa na kuwachagua viongozi wake, na pale utaratibu unapokosekana, tuhuma ya ukabila huota yenyewe. Ikiwa ya uongo, hakuna namna ya kuikanusha. Ikiwa ya kweli, hakuna namna ya kuikamata.

Mchanganyiko wenyewe hauna ubishi. Ripoti ya asubuhi kwetu inaweza kutolewa na Mhaya, ikapokewa na Mmakonde, akaiongezea Mpare aliyekuwa upande wa dawa, huku mhudumu wa afya, Mzaramo wa Kisarawe, akikumbusha kwamba mtungi mmoja wa oksijeni unakaribia kwisha. Nikichelewa kidogo, Mhehe wetu huitangazia wodi nzima kwamba Wangoni tangu walipokimbizwa na babu zake hawajawahi kufika mahali kwa wakati, nami humjibu kwamba babu zake walikuwa wanakimbiza vivuli vyao wenyewe. Wagonjwa hucheka, hata wale wasiojiweza. Utani huo una kazi yake, kwa sababu zamu yenye wauguzi wachache na wagonjwa wengi kuliko vitanda haiendi bila watu kuzoeana kiasi cha kuambizana ukweli. Ila utani hauna nguvu kwenye barua ya uteuzi. Mhehe na Mngoni wanaweza kutaniana miaka ishirini bila hata mmoja wao kujua ni kwa vigezo gani mwenzao wa tatu aliitwa kwenye semina ya uongozi.

Historia ya hospitali za jiji hili inaonyesha kwamba suala la nani anamhudumia nani, na nani anamsimamia nani, halikuanza jana. Wajerumani walijenga hospitali ya Ocean Road mwishoni mwa karne ya 19 kwa ajili ya Wazungu, mahali palipo na upepo wa bahari. Waafrika na Wahindi walitibiwa katika hospitali iliyojengwa kwa fedha za Sewa Haji, mfanyabiashara wa Bagamoyo mwenye asili ya India. Hospitali ya Princess Margaret, iliyofunguliwa mwaka 1956 na ambayo baada ya Uhuru iliitwa Muhimbili, ndiyo ilikuja kurithi kazi ya ile ya Sewa Haji, na hadi leo mtu akilazwa Muhimbili anaweza kuambiwa na ndugu zake kwamba yuko jengo la Sewahaji, pengine bila yeyote kati yao kujua kwamba hilo ni jina la mtu. Katika mpangilio ule wa kikoloni, Mwafrika alikuwa dresa, yaani mfunga vidonda, mhudumu, au muuguzi wa daraja la chini. Usimamizi ulikuwa wa akina sista kutoka Uingereza.

Uhuru ulipofika, wauguzi wengi wa Kiingereza walifunga mizigo. Kinachofuata ni habari ambayo nashangaa haifundishwi katika vyuo vyetu vya uuguzi. Mwalimu Nyerere aliomba msaada kwa chama cha ANC cha Afrika Kusini, ambacho kilikuwa kimepigwa marufuku nchini mwake tangu mwaka 1960, na wauguzi weusi ishirini wakaja Tanganyika kuziba pengo. Albertina Sisulu, ambaye mwenyewe alikuwa muuguzi na mkunga, alikuwa miongoni mwa waliowatafuta na kuwaandaa. Iliwabidi wavushwe kwa siri hadi Bechuanaland, ambayo leo ni Botswana, na kutoka huko wakaletwa kwa ndege.

Kumbuka walikotoka. Cecilia Makiwane alikuwa amesajiliwa huko mwaka 1908 kama muuguzi wa kwanza mweusi wa taaluma kamili. Karibu nusu karne baadaye, sheria ya uuguzi ya mwaka 1957 ikaweka ujumbe wa baraza la wauguzi kwa Wazungu peke yao, wakati wauguzi weusi wenye usajili walikuwa wameshakuwa maelfu. Yaani serikali ya makaburu haikuwafukuza wauguzi weusi wodini. Isingeweza, kwa sababu hospitali zingefungwa kesho yake. Iliwaacha waoshe vidonda, wazalishe, wakeshe, na ikawafungia mlango wa chumba kinachoamua mitaala, nidhamu na sare. Kwangu mimi huo ni mfano ulio wazi kuliko yote wa tofauti kati ya kuwa na watu wa kila aina katika taaluma na kuwaachia watu wa kila aina waiongoze. Wale ishirini walitoka kwenye nchi ambako walikuwa na vyeti bila sauti, wakaingia kwenye nchi changa iliyokuwa ikiwahitaji kiasi cha kuwaachia wodi nzima. Hawakuwa wa kabila lolote la hapa, Kiswahili walijifunzia kazini, na wagonjwa wa Dar es Salaam waliwaita sista kama walivyomwita mwingine yeyote.

Upande wetu alikuwepo Lucy Lameck, binti wa Kilimanjaro aliyesomea uuguzi, akakataa kuutumikia chini ya mfumo wa kikoloni, akaingia TANU, na baadaye akawa miongoni mwa wanawake wa kwanza kushika unaibu waziri katika serikali ya Tanganyika huru. Watu humkumbuka kama mwanasiasa. Mimi humkumbuka kama mtu wa taaluma yetu aliyeona mapema kwamba ngazi ya kupanda haikuwepo ndani ya hospitali, akaitafuta nje.

Wamarekani weusi waliijenga ngazi yao wenyewe. Mary Eliza Mahoney alihitimu uuguzi Boston mwaka 1879, wa kwanza wa asili ya Kiafrika nchini humo kufanya hivyo, na mwaka 1908 wauguzi weusi wakaunda chama chao cha kitaifa kwa sababu vyama vya majimbo mengi ya kusini viliwakataa. Chini ya Mabel Staupers, mzaliwa wa Barbados, chama hicho kiliibana serikali wakati wa Vita Kuu ya Pili mpaka jeshi likaondoa, mwezi Januari 1945, kikomo kilichokuwa kimewekwa kwa idadi ya wauguzi weusi. Mwaka 1951, baada ya chama kikuu kukubali kuwapokea bila ubaguzi, chama chao kilivunjwa kwa furaha, kikionekana kuwa kimemaliza kazi. Haikupita zaidi ya miaka ishirini. Mwaka 1971 wauguzi weusi walianzisha chama kingine cha kwao, maana walikuwa wamegundua kwamba kadi ya uanachama waliipata, lakini meza ya viongozi ilibaki na sura zilezile.

Nayataja ya Marekani kwa kifupi kwa sababu ya Uingereza yanatugusa zaidi. Kila mwaka wauguzi wetu, hasa vijana wenye shahada, wanafanya mitihani ya Kiingereza wakilenga kwenda huko, na baadhi wanafika. Ripoti ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2020 kuhusu hali ya uuguzi ilieleza kwamba muuguzi mmoja kati ya wanane duniani anafanya kazi katika nchi ambayo si ile aliyozaliwa au kusomea, kwa hiyo hakuna jambo la ajabu hapo. Ila anayekwenda ajue historia ya nyumba anayoingia. Huduma ya taifa ya afya ya Uingereza, iliyoanza Julai 1948, ilijengwa kwa mikono ya wauguzi wengi kutoka visiwa vya Karibi na makoloni mengine, na wengi wao walielekezwa kwenye mafunzo ya daraja la pili ya miaka miwili badala ya yale ya miaka mitatu. Wengine hawakuambiwa tofauti. Daraja hilo halikumruhusu mtu kupanda hadi kuwa msimamizi wa wodi, na nchi nyingi walikotoka hazikulitambua, hivyo aliyetaka kurudi nyumbani na cheti chake alirudi na karatasi tu.

Waingereza walichelewa kujitazama, lakini walipojitazama walifanya kitu ambacho sisi hatujafanya: walihesabu. Mwaka 2014 mtafiti Roger Kline alionyesha kwamba jijini London watu wa asili za Kiafrika, Kiasia na nyinginezo za wachache walikuwa asilimia 41 ya wafanyakazi wa huduma hiyo, ilhali kwenye bodi za hospitali walikuwa asilimia 8 tu, na hali ilikuwa imerudi nyuma badala ya kwenda mbele. Kuanzia mwaka 2015 kila taasisi ya huduma hiyo ikatakiwa kutoa takwimu zake kila mwaka. Matokeo yake yana funzo ambalo halionekani mara moja. Pengo la nidhamu, yaani uwezekano mkubwa zaidi wa mfanyakazi wa asili hizo kufunguliwa shauri, lilipungua kwa kiasi cha kuonekana katika miaka iliyofuata. Pengo la ajira halikupungua: mwombaji mweupe aliyefika kwenye usaili aliendelea kuwa na nafasi ya kuchaguliwa takriban mara moja na nusu ya mwenzake. Nadhani sababu ni kwamba shauri la nidhamu lina hatua, fomu na mtu wa kuulizwa. Mkubwa akitaka kulifungua anaweza kulazimishwa kueleza kwanza. Usaili unaishia kwenye hisia za watu watatu ndani ya chumba. Mahali penye hatua zinazoonekana palirekebishika, na mahali penye hisia pamekuwa pagumu.

Wakenya wamechukua njia ya tatu, ya kuweka kikomo kisheria. Sheria yao ya uwiano na utangamano wa kitaifa ya mwaka 2008 inakataza taasisi ya umma kuwa na zaidi ya theluthi moja ya wafanyakazi kutoka kabila moja. Sheria ya serikali za kaunti ya mwaka 2012 inataka walau asilimia 30 ya nafasi za kuanzia kazi ziende kwa watu wasio wa kabila kubwa la kaunti husika. Hilo ni muhimu kwetu wauguzi, kwani tangu mwaka 2013 huduma nyingi za afya nchini humo ziko mikononi mwa kaunti. Lakini soma tena maneno hayo: nafasi za kuanzia kazi. Sheria inamlinda muuguzi mgeni siku anapoingia langoni. Siku nafasi ya kuongoza inapotokea, kifungu hicho hakina la kusema.

Sisi hatuulizi kabisa. Sensa ya mwaka 1967 ndiyo ya mwisho kumuuliza Mtanzania kabila lake, na kumuuliza mtu swali hilo ofisini kunahesabiwa kuwa utovu wa adabu. Naliunga mkono jambo hilo bila kusita. Nchi yenye makabila zaidi ya 120 ambayo haijawahi kupigana kwa makabila haina sababu ya kuanza kuwaandika watu kwenye safu. Nimewahi kusikia katika kikao mtu akipendekeza kwamba nasi tuanze kuandika kabila kwenye fomu za wafanyakazi wa afya ili tujue uwiano, na nilikuwa wa kwanza kupinga, kwa kuwa fomu ya namna hiyo ikishakuwepo itapata matumizi ambayo aliyeibuni hakuyakusudia. Hata hivyo, ni lazima tukubali gharama yake: kwa kutokuuliza tumejinyima kipimo, na manung'uniko ya kwenye daladala ndiyo yamebaki kuwa takwimu zetu.

Nasema kipimo kipo, ila tunakitafuta pasipo. Hakuna anayeamka siku moja akawa muuguzi mfawidhi wa hospitali. Uongozi wetu hutengenezwa na vijikazi vidogo ambavyo havina barua wala posho ya maana: kupanga ratiba ya zamu, kusimamia wodi mwishoni mwa wiki, kuratibu udhibiti wa maambukizi, kukaa kwenye kamati ya uboreshaji wa huduma, kwenda semina ya siku tatu Morogoro au Dodoma. Miaka mitano ya vijikazi hivyo ndiyo inayoonekana kwenye wasifu wa mtu kama uzoefu wa uongozi. Na karibu vyote hutolewa kwa mdomo. Mkubwa anamwita anayemfahamu, na anayemfahamu mara nyingi ni yule wanayesali naye, waliyesoma naye chuo kimoja, au anayeweza kumsalimia kwa lugha ya nyumbani kukiwa hakuna watu. Sidhani kwamba wengi wao hukusudia ukabila. Mtu ana haraka, jina linatakiwa mjini kabla ya saa tisa, anaandika la kwanza linalomjia.

Katika hospitali moja niliyopitia, ambayo sitaitaja, barua ya mwaliko wa mafunzo ya uongozi kwa wauguzi ilibandikwa ubaoni Ijumaa mchana, na mwisho wa kupeleka majina ulikuwa Jumatatu asubuhi. Tuliokimbilia kuandika maombi Jumamosi tuliambiwa kwamba majina yalikwishatumwa tangu katikati ya wiki. Waliokwenda walikuwa watu wazuri, na mmoja wao ni kati ya viongozi bora niliowahi kufanya nao kazi. Ila walipopandishwa vyeo baadaye, nusu ya wafanyakazi iliamini kwamba waliwekwa, na kiongozi yule bora alitumia mwaka mzima akiongoza watu waliomsikiliza kwa masikio ya nje. Upendeleo ule ulimwumiza hata aliyependelewa.

Hospitali hiyohiyo ilikuwa na mtindo wa kukaimisha. Mwenzetu mmoja alikaimu usimamizi wa idara mpaka watu wakasahau kwamba ni kaimu; alipanga, alikemea, alijibu barua, alilaumiwa dawa zilipokwisha. Mkeka, yaani orodha ya walioteuliwa, ulipotoka, jina lilikuwa la mtu mwingine kutoka nje ya idara, naye akaombwa amfundishe kazi kwa mwezi mmoja. Akamfundisha. Sababu ya uamuzi ule hakuelezwa wakati huo wala baadaye. Inawezekana ilikuwepo sababu nzuri kabisa, na ingemgharimu mkubwa nusu ukurasa kuiandika.

Upo upande mwingine wa suala hili ambao hauhusu vyeo, nao ni nani anaufikia uuguzi tangu mwanzo. Tuliwahi kumpokea bibi wa Kibarbaig aliyeletwa kwa rufaa kutoka mikoa ya kaskazini. Mkwe wake aliyemsindikiza alikwenda kutafuta pa kulala kwa ndugu huko Kivule na hakurudi hadi kesho yake jioni. Bibi hakujua Kiswahili zaidi ya salamu. Kila muuguzi aliyemwuliza swali alimjibu kwa kutikisa kichwa kukubali, na kwenye faili kila zamu iliandika kwamba mgonjwa anaendelea vizuri na hana malalamiko. Aliyetuokoa ni dada wa kampuni ya usafi, aliyekulia Hanang, ambaye alisimama na fagio lake akamsemesha bibi kwa Kidatoga. Bibi akakaa. Wakazungumza kwa muda, kisha dada akatuomba tufungue pindo la shuka yake. Ndani vilikuwemo vidonge vyote tulivyompa tangu alipofika, vimefungwa fundo. Hakuwa mkaidi; hakuna aliyekuwa amemweleza ni vya nini, na alikuwa akivitunza ili amwonyeshe mwanawe kwanza. Maumivu alikuwa nayo tangu usiku wa kwanza.

Sote tulifurahi kwamba dada yule alikuwepo, na wengine walisema hiyo ndiyo faida ya kuwa na watu wa kila mahali. Mimi sikufurahi sana. Tulikuwa tumempitishia mtu asiye na kiapo cha siri ya mgonjwa maswali kuhusu choo, hedhi na uzazi wa bibi wa watu, mbele ya vitanda vingine, kwa sababu katika hospitali nzima hatukumpata muuguzi hata mmoja mwenye lugha ile. Hilo halikutokea kwa bahati mbaya. Shule za misheni zilitangulia Kilimanjaro, Bukoba, Rungwe na Songea, na vyuo vingi vya uuguzi vilikua kando ya hospitali za misheni huko na kwingineko zilikokita mizizi, hivyo familia za maeneo hayo zilijua uuguzi kama kazi vizazi viwili kabla ya wengine. Leo sifa ya kuingia stashahada ni ufaulu wa kidato cha nne katika masomo yanayojumuisha Baiolojia, Kemia na Fizikia. Ni sifa sahihi, nisingependa ipunguzwe. Lakini mtoto wa mfugaji anayesoma shule ya kata isiyo na maabara wala mwalimu wa Kemia amekwishatolewa kwenye uuguzi akiwa kidato cha pili, kabla ya bodi yoyote ya usaili kumwona. Tangu mwaka wa masomo 2023/24 mikopo ya elimu imeanza kufika kwa baadhi ya wanafunzi wa stashahada, zikiwemo za afya, na hilo litawasaidia waliofika mlangoni.

Kwamba inawezekana tunaona kwa jirani. Anna Qabale Duba, muuguzi kutoka jamii ya wafugaji ya Marsabit, Kenya, alishinda mwaka 2022 tuzo ya kimataifa ya uuguzi iliyotolewa Dubai, kwa kazi yake ya elimu na ya kupinga ukeketaji kijijini kwao, ambako alianzisha shule. Angekuwa dada wa usafi mwenye lugha adimu, kama njia yake ya shule ingekatikia mahali ilipokatikia ya huyu wetu.

Ndiyo maana naamini takwimu tunazozihitaji hazina haja ya kabila. Hospitali inaweza kuandika wauguzi wake walisoma sekondari wilaya zipi, na kuona ni wilaya zipi hazina hata mmoja. Inaweza kuandika nani alikwenda semina gani mwaka huu na nani hajawahi kwenda tangu aajiriwe. Inaweza kuandika nani anakaimu wapi na tangu lini. Kumbukumbu hizo zimo kwenye mafaili ya utumishi, zimetawanyika tu, na hakuna anayeulizwa juu yake. Nikisema hivi, wenzangu wengine hunionya kwamba orodha ya wilaya itageuka kuwa orodha ya makabila kwa mlango wa nyuma, na watu wataanza kudai kwamba sasa ni zamu ya kwao. Hoja yao ina uzito. Naona tu kwamba madai ya zamu ya kwetu yapo tayari, yanasemwa usiku, na yanawafaa zaidi wale wanaogawa nafasi gizani.

Mkubwa wangu mmoja, mtu ninayemheshimu, alikuwa na hoja nyepesi zaidi: kutangaza kila kijikazi kutachelewesha mambo. Akaniambia kama naamini ninayoyasema nianze na wodi yangu. Nafasi ya mratibu wa udhibiti wa maambukizi ilikuwa wazi, nikaibandika kwenye ubao wa chumba cha ripoti kwa wiki mbili, pamoja na vigezo na alama za kila kigezo. Waliomba watatu. Aliyepata alama nyingi ni muuguzi kutoka Mtwara, mpole kiasi kwamba kabla ya hapo jina lake halikuwahi kunijia nilipotakiwa kutoa jina, kumbe alikuwa amejilipia mwenyewe kozi fupi ya jambo hilohilo. Wiki yake ya kwanza aliandika barua mbili za kuomba sabuni ya kunawia mikono, na ya pili ilijibiwa.

Manung'uniko hayakukosekana. Mmoja wa waliokosa aliwaambia wenzake kwamba Mngoni amempa mtu wa kusini mwenzake, na maneno yakanifikia kabla ya chai ya saa nne. Nilimwita nikampa karatasi za alama, zake na za mwenzake, na majina ya watu wawili wa wodi nyingine waliosaidia kuzipanga. Alizisoma zote. Akauliza kwa nini miaka ya uzoefu ilipewa alama chache kuliko kozi, wakati yeye ameuguza miaka mingi katika zahanati ambako hakuna mtu aliyewahi kumletea kozi yoyote. Sikuwa na jibu zuri, na tumekubaliana kwamba kigezo hicho kitabadilishwa kwenye tangazo lijalo.